Amboni Asubuhi, Tongoni Jioni: Uchambuzi wa Safari Moja ya Daladala Jijini Tanga

Mgeni anayefika Tanga kuona mambo ya kale huambiwa jambo moja ambalo ni kweli, kwamba vivutio vikuu vya huku haviko mbali na mjini. Mapango ya Amboni yapo takriban kilomita 8 kaskazini mwa jiji, upande wa barabara iendayo Horohoro hadi mpakani na Kenya. Magofu ya Tongoni yapo takriban kilomita 17 kusini, upande wa barabara ya Pangani. Anayezisoma tarakimu hizo akiwa Dodoma au Arusha huona kilomita 25 tu, akakata shauri kwamba siku moja inatosha na kwamba daladala inatosha. Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha familia moja iliyokata shauri hilo, ikafanikiwa kwa nusu ya kwanza ya siku, na katika nusu ya pili magharibi ikaikuta bado imesimama kando ya barabara ya Pangani. Hakuna aliyeibiwa, hakuna aliyeumia, wala hakuna gari lililoharibika njiani. Hiyo ndiyo sababu ya kukichambua: kila kitu siku ile kilikwenda kama kinavyokwenda siku zote, na mpango ukavunjika hivyo hivyo.

Wahusika walikuwa watatu. Wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu wa somo la Kiswahili, mwanamke aliyepita miaka sitini, mzima wa afya isipokuwa goti la kushoto linalomsumbua kwenye ngazi na miteremko. Alikuwa na wajukuu wawili, msichana wa Kidato cha Pili na mvulana wa Darasa la Sita, wote wakiwa kwenye likizo ya Juni. Walifikia Makorora kwa mpwa wake, mtoto wa kaka yake. Kilichowaleta Tanga kutoka Dodoma kilikuwa harusi ya Jumamosi, na siku pekee iliyokuwa wazi kabla ya shughuli ilikuwa Ijumaa. Kila mmoja alikuwa na lake moyoni. Mvulana alitaka mapango, hasa baada ya kusikia kwamba mna popo. Msichana alitaka magofu kwa sababu ya somo la Historia. Bibi, ambaye alifundisha mashairi sehemu kubwa ya maisha yake, alitaka kufika Machui, kijiji kilicho upande uleule wa kusini, ambako Shaaban Robert alizikwa mwaka 1962. Mshairi huyo alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, jirani na Machui, na kwa mtu aliyewakaririsha wanafunzi tungo zake miaka yote ile, kupita karibu na kaburi bila kulizuru kungekuwa ni utovu wa adabu.

Mpango ulipangwa usiku wa Alhamisi baada ya chakula, na aliyeupanga ni mpwa. Wangeanza Amboni asubuhi watoto wakiwa bado na nguvu, warudi mjini kula chakula cha mchana, washike gari la Pangani hadi Tongoni, na wakati wa kurudi washuke Machui kabla ya kuingia mjini. Kuna aliyependekeza kukodi bajaji kwa siku nzima. Bei waliyotajiwa ilikuwa mara kadhaa ya jumla ya nauli za daladala, na bibi akalikataa pendekezo hilo kwa hoja mbili: kwamba fedha ya ziada ilikwisha kwenye michango ya harusi, na kwamba anapenda kusafiri na watu. Hoja ya pili haikuwa ya kujitetea. Mtu anayetaka kuujua mwambao na akajifungia ndani ya gari la kukodi anaona kuta za magofu peke yake, na wenyeji wa magofu hayo anawaona kupitia dirishani.

Ukiusoma mpango ule juu ya karatasi huoni kasoro. Umeanza na kilicho karibu ukaishia na kilicho mbali, umewapa watoto kazi ngumu asubuhi, umemwekea mzee mapumziko ya mchana, na Machui imewekwa njiani pa kurudia. Mpwa mwenyewe ni mzaliwa wa Tanga. Hata hivyo, yeye huenda kazini kwa pikipiki, na mara ya mwisho aliyofika Tongoni alifika kwa hiyo hiyo pikipiki yake. Alizijua kilomita. Hakuzijua saa za magari, na tofauti ya mambo hayo mawili ndiyo iliyoamua siku nzima.

Waliondoka Makorora saa tatu asubuhi. Daladala ya Amboni ilipatikana bila kusubiri, na kikwazo cha kwanza kilikuwa kidogo: bibi alitoa nauli ya wanafunzi kwa wale wajukuu, konda akawatazama nguo zao za nyumbani akasema, "Mama, mwanafunzi ni sare. Hawa leo ni abiria." Bibi akacheka akaongeza fedha. Nauli yenyewe ya mjini haifiki shilingi elfu moja kwa mtu mzima, kwa hiyo hasara haikuwa kubwa, lakini anayepiga hesabu ya familia wakati wa likizo na aijue mapema.

Njia ya Amboni ni njia nzito, maana yake ina abiria saa zote. Wapo wafanyakazi, wapo wachuuzi, wapo wanafunzi, na wapo wanaokwenda mjini hospitali ya Bombo na kurudi, kwa hiyo magari yanapishana kutwa pande zote mbili na ukikosa moja unalisubiri la nyuma yake. Ugumu wa njia hii uko kwenye kipande cha mwisho. Daladala hukushusha njia panda kwenye barabara kuu, na kutoka hapo hadi Kiomoni kwenye mapango kuna mwendo wa kama kilomita mbili na nusu. Vijana wenye miguu huenda kwa miguu bila shida. Familia hii ilichukua bodaboda mbili, bibi moja na watoto nyingine, na ndani ya dakika chache walikuwa mlangoni.

Ya mapangoni yanatosha kuandikiwa makala yake, kwa hiyo nitataja yale tu yaliyoathiri muda wa safari. Mapango haya yamechongwa na maji ndani ya miamba ya chokaa iliyoanza kufanyika miaka takriban milioni 150 iliyopita. Yapo kumi, na linaloonyeshwa wageni ni moja. Mwongozaji huingia na tochi, naye hana haraka, kwa sababu nusu ya anachokionyesha ni mawe na nusu ni masimulizi: sehemu inayosemwa kwamba inafika Mombasa, ijapokuwa vipimo vilivyofanywa mwaka 1994 vilionyesha kwamba pango refu kuliko yote halifiki kilomita moja, na habari za Osale Otango, aliyesakwa na serikali ya kikoloni katika miaka ya 1950, akawa anajificha humu. Kwenye chumba cha mzimu walikuta vitambaa, sarafu na chupa za marashi zilizoachwa na watu waliokuja na shida zao. Mvulana alitaka kuokota sarafu moja aitazame. Mwongozaji akamwambia kwa upole, "Iache, mwanangu. Mwenyewe ana ahadi nayo." Walikaa pale kwa muda, bibi akiuliza maswali ya mtu aliyezoea kufundisha, na hakuna anayeweza kumlaumu mtu kwa kukaa kwenye chumba kile zaidi kuliko alivyopanga.

Walitoka saa tano na nusu. Kwenye mlango wa mapango hapakuwa na bodaboda hata moja, kwa sababu bodaboda huenda kwenye watu, na siku ile wageni walikuwa wao na kikundi kingine kidogo kilichokuja na gari lake. Wakaanza kutembea. Goti la bibi liliwachelewesha, na ilipofika karibu saa sita na nusu ndipo waliposimama tena kwenye barabara kuu. Hapa ndipo ilipojitokeza sababu ambayo haikuwamo kwenye mpango kabisa: ilikuwa Ijumaa, na Tanga ni mji wa Waislamu wengi. Kati ya saa sita na saa saba na nusu mchana madereva na makonda kwa mamia wanaegesha magari yao na kwenda msikitini. Njia nzito kama ya Amboni hupungua magari bila kukauka. Njia nyepesi husimama. Familia hii ilipata daladala ya kuirudisha mjini baada ya kusubiri kiasi, ikafika saa saba, ikaingia kwenye mgahawa kula wali wa nazi na samaki, na kwa kuwa walikuwa wamekaa kivulini mbele ya sahani, hawakuona kwamba ule muda waliodhani wanapumzika ulikuwa pia muda ambao gari la Pangani halikuwa na konda.

Walipofika penye magari ya Pangani, saa nane kasoro, walikuta basi dogo lina abiria saba. Mpigadebe alimpokea bibi kwa heshima zote, akamketisha siti ya mbele dirishani, akatangaza kwa sauti, "Pangani, Pangani, bado wawili tu!" Kila aliyewahi kupanda gari nchini humu anajua kwamba wawili hao hawaishi. Gari liliondoka saa tisa na robo.

Wengi waliosimuliwa kisa hiki huishia hapa, wakasema kosa ni la magari yasiyo na ratiba. Mimi siafikiani nao. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini hupanga njia na viwango vya nauli, lakini faida ya safari moja ya gari dogo la vijijini iko kwenye siti zake kujaa, na mwenye gari anayeondoka na watu saba kwa sababu ya saa ya ukutani atakuwa ameliuza gari hilo kabla ya mwaka kwisha. Gari kusubiri abiria ndiyo kazi yake ya kawaida. Swali la maana zaidi ni hili: kwa nini lisubiri muda mrefu hivyo, wakati saa tatu baadaye magari ya kwenda Pangani yalikuwa yanapita yamejaa hadi mlangoni?

Jibu liko kwa watu ambao magari hayo yamewekwa kwa ajili yao. Barabara ya Tanga hadi Pangani ina urefu wa kama kilomita 50, na vijiji vilivyo kando yake, Machui, Tongoni, Kigombe na vingine, vinaishi kwa kwenda mjini asubuhi na kurudi jioni. Alfajiri wanaingia mjini wenye samaki, wenye nazi, wenye wagonjwa, wenye kesi na wenye kufuata bidhaa za dukani. Kuanzia alasiri wanarudi na unga, sabuni, mabati na magodoro. Magari mengi hulala upande wa kijijini, maana abiria wa kwanza wa kesho yake wako huko. Mkondo huu ni kama maji ya bahari: yakijaa yanakwenda upande mmoja, yakipwa yanarudi upande wa pili, na mvuvi mwenye akili hatoki na ngalawa kwa saa anayotaka yeye. Mtalii wa kutoka mjini husafiri kinyume cha mkondo kwa asili ya safari yake, kwa sababu yeye hulala mjini na kutembelea kijijini. Asubuhi atakuta magari ya kutoka mjini ni matupu, kwa hiyo yanasubiri. Jioni atakuta magari ya kurudi mjini ni machache, kwa hiyo atasubiri yeye.

Ukilishika jambo hilo, unaona kwamba mpango wa mpwa uliweka kila kituo mahali pabaya kuliko pote. Amboni, ambako magari hayakatiki, ilipewa asubuhi, wakati ambao mtu angeweza kuutumia popote. Tongoni, ambako magari ya kurudi hupungua kadiri jua linavyoteremka, ilipewa jioni. Kigezo kilichotumika kilikuwa umbali. Kigezo kilichotakiwa kilikuwa wingi wa magari ya kurudi.

Ndani ya gari, bibi alipata kile alichokitafuta alipoikataa bajaji. Jirani yake, mama wa makamo aliyebeba kapu la vitunguu, alimuuliza anakoshuka. Aliposikia Tongoni akamwambia, "Dada yangu, usiseme Tongoni tu, konda atakushusha penye shughuli zake. Mwambie magofuni, kwenye kibao." Kisha akaongeza swali ambalo halikupewa uzito wakati ule: "Na kurudi mnarudi na nani?" Bibi akajibu kwamba watarudi na gari lolote litakalopita. Yule mama akanyamaza, akahamisha kapu lake kutoka goti moja hadi jingine. Nimemuuliza bibi kwa nini hakulifuata swali lile, akasema kwamba alilichukua kama maneno ya kuendeleza mazungumzo tu. Kwa watu wa huku lile lilikuwa onyo kamili. Mtu mzima wa pwani hamwambii mgeni aliyemkuta njiani kwamba mpango wake ni mbovu. Humuuliza swali.

Walishuka karibu saa kumi, wakatembea kama kilomita moja kuelekea baharini. Tongoni kuna msikiti uliobaki kuta na kibla, na kuuzunguka kuna makaburi zaidi ya arobaini, mengi yakiwa ya zamani za kati ya karne ya 14 na ya 16, ambayo husemwa kuwa ndiyo mkusanyiko mkubwa kuliko yote wa makaburi ya nguzo katika pwani ya Afrika Mashariki. Nyingi ya nguzo hizo zimeanguka, zimelala vipande vipande juu ya majani. Msichana alipiga magoti mbele ya nguzo moja akapitisha kidole kwenye shimo la duara lililobaki ndani ya chokaa, ukubwa wa bakuli la uji, na mlinzi akamweleza kwamba humo mlikuwa na bakuli la kaure lililotoka China, kama yalivyopambwa makaburi ya wenye uwezo kote pwani. Aliandika hayo kwenye daftari lake, na habari za meli za Vasco da Gama, ambazo moja yake, São Rafael, ilikwama kwenye mafungu ya mchanga ya karibu na hapa Aprili 1498, na mwaka uliofuata, wakati wa kurudi kutoka India, ikachomwa moto na wenyewe kwa kuwa mabaharia waliobaki hai walikuwa hawatoshi kuziendesha meli zote. Ninaona kwamba saa moja waliyokaa pale ilikuwa chache. Mahali hapa panataka utulivu, na mtu anayetazama saa hapafaidi.

Walirudi barabarani saa kumi na moja na nusu. Magari ya kwenda Pangani yalikuwa yanapita moja baada ya jingine, yamebeba mizigo juu, na makonda wananing'inia mlangoni. Ya kutoka Pangani, katika muda wa nusu saa na zaidi, lilipita moja, nalo lilikuwa gari dogo la mizigo lililojaa nazi na vijana juu ya nazi. Dereva alipunguza mwendo, akamtazama bibi, akaona haiwezekani, akaenda zake. Mpwa alipopigiwa simu alikuwa bado yuko kazini bandarini. "Shangazi, msipande gari la mizigo," alisema, "na msigawanyike." Maagizo hayo mawili yalikuwa ya busara, ila hayakuwa na gari ndani yake.

Mwezi wa Juni jua huzama Tanga saa kumi na mbili na dakika chache. Giza lilipoanza kuingia, wakaja vijana wawili wa bodaboda. Wa kwanza alitaka kuwabeba wote watatu kwa mshikaki ili yule mwenzake aendelee na shughuli zake. Bibi alikataa katakata, na alikuwa sahihi mara mbili, kwa sheria na kwa akili. Wakachukua pikipiki zote mbili hadi kwenye kituo cha kwanza chenye daladala za mjini. Bei ilipangwa na wenye pikipiki, kwa sababu saa ile, mahali pale, na watoto pembeni, mnunuzi hana la kubishania. Bibi alipojumlisha usiku nauli zote, bodaboda za Amboni na bodaboda za Tongoni, alikuta jumla inakaribia ile bei ya bajaji aliyoikataa. Machui waliipita gizani, wala bibi hakujua walipoipita.

Nimesikia watu wakihitimisha kwamba basi angekodi bajaji tu. Kwa siku ile na kwa utaratibu ule, ni kweli. Lakini hesabu hiyo inachanganya mambo mawili. Nauli za daladala zilikuwa ndogo kama zilivyotarajiwa. Kilichoila akiba yote ni kipande kimoja cha kurudi kutoka Tongoni, na kipande hicho kilikuwa ghali kwa sababu ya saa kilipofanyika. Yale mengine, kama kugawa vivutio kwenye siku mbili, au kwenda kwa daladala na kumwagiza mwenye bajaji aje kuwachukua saa mliyopatana, yote yanafaa, na mwenye uwezo asijinyime. La kuchunguzwa hasa ni kama ungebadilisha mpangilio peke yake, kwa fedha zilezile na magari yaleyale, siku ingekwenda vingine.

Bahati nzuri jambo hilo lilipata kujaribiwa. Harusi ilipokwisha, familia ilibaki hadi Jumanne, na bibi hakuwa tayari kurudi Dodoma bila kufika Machui. Jumatatu wakatoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wao watatu pamoja na mke wa mpwa. Walikuta gari la Pangani likiwa karibu tupu, kama nadharia ilivyotaka, na wakasubiri karibu saa nzima ndipo likaondoka. Tofauti ni kwamba saa hiyo ilitolewa kwenye sehemu ya siku ambayo ilikuwa na akiba. Walishuka magofuni kabla ya saa tatu, wakakaa kwa raha yao, msichana akapata muda wa kuchora kibla, na saa nne na nusu wakawa barabarani. Magari ya kutoka Pangani yalikuwepo. Yalikuwa yamejaa. Mawili ya kwanza hayakusimama kabisa, na la tatu lilisimama likawachukua wakiwa wima. Kijana mmoja aliyekaa karibu na mlango aliinuka akasema, "Shikamoo bibi, kaa hapa," naye akakaa, wengine wakabaki wameshika chuma hadi Machui. Walizuru kaburi, bibi akasoma dua, akawasomea wajukuu beti mbili kwa moyo bila kitabu, na saa sita na nusu walikuwa mjini.

Jaribio hilo linathibitisha sehemu moja ya uchambuzi na kuacha nyingine wazi. Linathibitisha kwamba njia nyepesi ikipewa asubuhi, unalipa kwa kusubiri mwanzoni na kusimama wakati wa kurudi, na malipo yote mawili yanafanyika mchana kweupe kwa nauli ya kawaida. Halithibitishi kwamba vituo vyote vinaingia kwenye siku moja, kwa sababu Jumatatu ile hawakwenda Amboni. Kwa saa walizotumia, wangeweza kuanza safari ya mapangoni saa nane baada ya kula, wakafika kabla ya saa tisa na nusu, na wakarudi barabarani kwenye saa kumi na mbili kasoro, ambapo daladala za Amboni bado zinapita. Kikwazo kingekuwa kipande kile cha kilomita mbili na nusu kutoka Kiomoni, ambacho mtu anapaswa kupatana na bodaboda aliyempeleka ili amsubiri au arudi, na kuandika namba yake ya simu kabla hajaingia pangoni. Kwa siku ya Ijumaa, pengo la swala lingeangukia kwenye chakula cha mchana, mahali ambapo haliumizi mtu.

Kwa upande wa goti, bibi amekwisha kuamua. Amesema kwamba mwakani akija na wajukuu wadogo, Tongoni na Machui zitakuwa na asubuhi yake, Amboni itakuwa na siku yake, na adhuhuri atakaa Bustani ya Jamhuri anunue madafu. Mpwa ameahidi kwamba safari hiyo, jioni ya kuamkia safari, atakwenda mwenyewe kwenye stendi kuwauliza makonda wa Pangani gari la mwisho la kurudi mjini huwa linapita Tongoni saa ngapi.